Jalada la Kazi Mtandaoni: Jinsi Mwanafunzi wa Sanaa Anavyoweza Kujiandaa Kujitegemea

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu ni wa kweli sokoni, ambako mnunuzi huiona bidhaa kwa macho yake. Lakini chema kilichofungiwa kabatini hakijiuzi. Vijana wengi wa Kilifi wanachora, wanashona, wanapiga picha, wanachonga, wanarekodi muziki na kutengeneza mabango, ila kazi zao zimebaki ndani ya simu au chini ya kitanda. Siku mwenye hoteli wa Watamu au mwenye duka wa Mtwapa anapouliza, "Umewahi kufanya kazi gani?", kijana hana cha kuonyesha.

Somo la toleo hili ni la mwanafunzi aliye sekondari, chuo cha ufundi au chuo kikuu, pamoja na mzazi anayemlipia karo. Tutaeleza jinsi ya kukusanya kazi, kuziweka mtandaoni, kuzilinda kisheria na kuziuza bila kula hasara. Jambo hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa masomo ya sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi yana mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto anayechagua mkondo huo hajapotea njia, lakini anahitaji kuandaliwa.

1. Jalada la kazi ni nini?

Jalada la kazi, ambalo wengine huliita potifolio, ni mkusanyiko wa kazi zako bora uliopangwa ili mtu asiyekujua aweze kukuamini. Albamu ya kila ulichowahi kufanya si jalada. Kazi sita hadi kumi zilizochaguliwa vizuri zinatosha. Mteja hukumbuka kazi dhaifu kuliko anavyokumbuka tisa nzuri, kwa hiyo ukiwa na shaka na kazi moja, iondoe.

Chini ya kila kazi andika sentensi chache zinazojibu maswali manne:

- Nani aliihitaji kazi hii, na kwa shida gani?
- Mimi nilifanya sehemu ipi?
- Nilitumia vifaa gani na muda gani?
- Matokeo yalikuwaje?

Swali la pili lina uzito. Ikiwa video ilitengenezwa na watu watatu na wewe ulikata picha tu, sema hivyo. Ikiwa ulijifunza kwa kunakili mchoro wa mtu mwingine, hilo ni zoezi lako na halifai kuwekwa kwenye jalada. Ikiwa ulisaidiwa na programu ya akili mnemba, eleza ilikusaidia wapi. Mteja akigundua uongo mmoja, hataamini hata ukweli wako.

Asiye na wateja bado, ajitafutie kazi za mazoezi. Mchorea mama muuza mahamri wa mtaani bango la bei. Piga picha za hatua zote za fundi wa makuti. Buni upya kipeperushi cha timu ya mpira ya wadi yenu. Andika wazi kwamba ni kazi ya mazoezi. Mtu anayetafuta kijana wa kazi huangalia mkono na fikra zako, hata kama hukulipwa.

2. Uiweke wapi?

Chagua mahali pamoja pakuu. Wabunifu wa michoro na picha hutumia Behance, wanamuziki hutumia SoundCloud au YouTube, na wengi huanza na ukurasa wa Instagram wa kazi peke yake. Hizi zote zina huduma ya bure. Usichanganye picha za harusi ya binamu na kazi unazotaka zikulipe.

Fungua barua pepe ya kazi yenye jina lako halisi. Weka wilaya au mji unaofanyia kazi, lakini usiweke nyumba unayoishi, nambari ya kitambulisho wala picha za vyeti vyako. Aliye chini ya miaka 18 afungue ukurasa kwa ruhusa ya mzazi, na mazungumzo ya kazi na watu wageni yapitie kwa mzazi au mwalimu.

Hifadhi faili asili mahali pawili au zaidi: kwenye kompyuta, na nakala nyingine kwenye diski au hifadhi ya mtandaoni. Mtandaoni pandisha nakala ndogo tu, na faili kubwa ubaki nayo. Faili asili yenye tarehe ni ushahidi wako kuwa kazi ni yako.

3. Kazi ni ya nani? Fahamu sheria kabla ya kushika pesa

Hapa ndipo vijana wengi huumia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki ya kazi ya sanaa huanza pale unapoitengeneza katika umbo linaloweza kuhifadhiwa. Huhitaji kuisajili ili iwe yako, ingawa usajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya hukupa ushahidi mzuri panapotokea mgogoro.

Lakini sheria hiyo hiyo ina kifungu ambacho wengi hawakijui. Mtu akikuagiza kazi, haki huhesabiwa kuwa imehamia kwake aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Ndivyo ilivyo pia kwa kazi unayofanya ukiwa umeajiriwa. Fikiria mwanafunzi aliyechorea kampuni nembo kwa shilingi 1,000, bila maandishi. Nembo hiyo ikichapishwa kwenye fulana, magari na mabango kwa miaka kumi, hana la kudai. Hata kuiweka kwenye jalada lake kunaweza kuleta ubishi.

Kinga yake ni karatasi moja. Kabla ya kuanza, andikeni na kutia sahihi mambo haya:

- Kazi yenyewe ni ipi, na mteja ana nafasi ya kurekebishiwa mara ngapi.
- Bei, arubuni, na siku ya kumaliza malipo.
- Mteja ataitumia wapi na kwa muda gani.
- Hakimiliki inabaki kwa nani.
- Msanii anaruhusiwa kuionyesha kazi kwenye jalada lake.

Si lazima iwe kwa lugha ya mawakili. Kiswahili chepesi kinatosha, na makubaliano yakifanywa kwa ujumbe, uhifadhi ujumbe huo. Fahamu pia kwamba haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye mtunzi ni haki nyingine, na inabaki kwako hata baada ya kuuza haki za biashara.

Nawe pia heshimu haki za wenzako. Usiweke wimbo wa mtu kwenye video ya tangazo bila idhini. Na ukipiga picha ya mtu kwa ajili ya biashara, mwombe ruhusa ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haina mzaha: mwezi wa Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mpigapicha chipukizi anayezunguka ufukweni au sokoni na kamera aikumbuke faini hiyo.

4. Bei si ya kubahatisha

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mwanafunzi ameombwa kubuni bango la duka la juisi. Anahesabu hivi:

- Saa 6 za kazi, kila saa shilingi 250: 1,500
- Bando la intaneti: 200
- Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili: 200
- Chapa ya majaribio: 100
- Uchakavu wa kompyuta: 100
- Jumla: 2,100

Uchakavu ameupata hivi: kompyuta ya shilingi 36,000 anatarajia imtumikie miezi 36, yaani shilingi 1,000 kwa mwezi. Akifanya kazi kumi kwa mwezi, kila moja inabeba shilingi 100.

Akiongeza asilimia 20 ya kukuza biashara, yaani shilingi 420, anapata 2,520. Anaweza kusema bei ni 2,500, na kuomba arubuni ya nusu, shilingi 1,250, kabla ya kugusa kompyuta.

Sasa aje jamaa aombe "bei ya undugu" ya shilingi 500. Bando, nauli na chapa pekee ni 500. Mwanafunzi atafanya kazi saa sita na kurudi nyumbani mikono mitupu, na kompyuta ikiharibika hana akiba. Undugu ni jambo zuri, lakini ni afadhali umfanyie ndugu yako kazi ndogo kama zawadi, ajue ni zawadi, kuliko kumzoesha bei inayokuua.

5. Biashara na daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila shilingi inayoingia na inayotoka, hata kama ni ya bando. Tenga pesa za kazi na pesa za matumizi. Mwisho wa mwezi utajua kama sanaa inakulisha au wewe ndiye unayeilisha.

Mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 na anayepata wateja mara kwa mara anaweza kusajili jina la biashara kupitia eCitizen. Asiyeelewa utaratibu afike kituo cha Huduma kilicho karibu naye. PIN ya KRA hutolewa bila malipo. Wengi huichukua wanapoomba mkopo wa HELB, kisha huisahau. Kama PIN yako ina wajibu wa kodi ya mapato, unapaswa kuwasilisha taarifa ya kila mwaka kabla ya mwisho wa tarehe 30 Juni, hata kama hukupata chochote. Anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000.

Walio kati ya miaka 18 na 35 wanaweza pia kuungana na kusajili kampuni au kikundi ili kuomba zabuni. Asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kazi za uchapishaji, picha na video ni miongoni mwa zinazohitajika na ofisi za umma. Huko pia watataka kuona umewahi kufanya nini.

Zoezi la wiki nne

Wiki ya kwanza: kusanya kazi zako zote, chagua sita, na umwombe mwalimu au fundi mzoefu azikosoe.

Wiki ya pili: andika maelezo ya kila kazi kwa kujibu maswali manne, kisha uzipandishe mtandaoni.

Wiki ya tatu: andaa karatasi yako ya makubaliano na orodha ya bei.

Wiki ya nne: peleka kiungo cha jalada lako kwa watu watano wenye biashara unaowafahamu, na uwaulize kazi gani ingewafaa.

Kwa wazazi: mtoto anayekesha akichora si lazima awe anapoteza muda. Mwulize akuonyeshe jalada lake, bei zake na daftari lake. Akiwa nayo matatu hayo, yuko kazini tayari. Akiwa hana, kaeni pamoja na mwanze na wiki ya kwanza.