Vitu vya Kuchezea Vilivyomo Nyumbani

Mama, mtoto wako wa miezi sita akikaa juu ya mkeka, hutaka kitu gani? Hutaka kile ulicho nacho mkononi. Mpe mwiko wa bukari, naye atafurahi sana. Basi usihuzunike kwamba huna fedha za kununua vitu vya kuchezea. Nyumba yako hapa Makomeno inavyo. Lakini uvichague, maana mtoto wa umri huo hutia kinywani kila anachoshika.

Mwiko wa mti uwe laini, usio na vibanzi. Kikombe cha plastiki kisichopasuka ni chema, na kitunga, na kipande cha kitenge cha kuficha uso wako na kuufunua tena. Sahani mbili za plastiki atazigonganisha kutwa. Kelele zitakuchosha wewe, si yeye. Vioshe kwa sabuni kila siku.

Kutanisha kidole gumba na kidole cha shahada, ufanye duara. Kitu kinachopita humo usimpe: karanga, kifungo, ushanga, kifuniko cha chupa. Betri ndogo ya mviringo ni mbaya kupita vyote, maana ikikwama kooni huunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu. Usingoje, mpeleke hospitali mara moja.

Wengi hutia mahindi katika chupa ili ilie. Chupa hiyo inafurahisha, lakini kifuniko hufunguka. Tena mtoto aliyezoea kuchezea chupa hawezi kujua ipi ina maji na ipi ina petroli au sude ya sabuni. Dawa hizo ziwekwe juu, mahali pa kufungwa, wala zisitiwe kamwe katika chupa ya kunywea. Akiisha kunywa, usimtapishe; mchukue hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Tena kuna vumbi. Shaba ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na udongo wa mji umepokea madini mengi, hata risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo tandika mkeka, mnawishe mikono kabla ya kula. Pemba, vipande vya betri ya gari na sufuria za vyuma vikuukuu vilivyoyeyushwa huweza kuwa na risasi pia; asivilambe.

Na kama amekwama? Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kulia wala kuvuta pumzi, naye hajatimiza mwaka, mlaze kifudifudi juu ya paja lako, kichwa kikiwa chini, umpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali, ukandamize katikati ya kifua mara tano. Rudia hivyo, huku mwingine akitafuta gari. Usichokoe kooni kwa kidole ikiwa hukioni kitu, maana utakisukuma ndani zaidi.