Fahamu Tovuti Yako: Kuhesabu Wageni Bila Kuwachelewesha

Fomu za basari zinapotangazwa, au orodha ya walioitwa kwa mahojiano ya kazi inapowekwa, tovuti ya kaunti yoyote hufunguliwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Baadhi wana bando ndogo, wengine wamelipia dakika chache kwenye saiba. Kazi ya kwanza ya tovuti siku hiyo ni kuwapa fomu. Kuwahesabu ni kazi ya pili, na ikifanywa vibaya huikwamisha ile ya kwanza.

Ni nini kinachohesabiwa?

Kuna hesabu tatu ambazo mara nyingi huchanganywa.

1. Maombi: kila faili ambayo simu au kompyuta inaomba kutoka kwa seva, zikiwemo nembo na picha.
2. Kurasa: mara ambazo ukurasa mzima umefunguliwa.
3. Watu: wageni tofauti waliofika.

Tuseme ukurasa wa basari una faili 15. Mzazi mmoja akiufungua asubuhi na jioni, seva inaweza kuhesabu hadi maombi 30. Kurasa ni mbili. Mtu ni mmoja.

Foleni hutokea vipi?

Njia rahisi ya kuhesabu ni kuandika kwenye hifadhidata kila mgeni anapofika: soma nambari iliyopo, ongeza moja, hifadhi. Tovuti yenye wageni wachache haitaona tatizo.

Sasa tuseme watu 300 wanafika kila sekunde, na kila uandishi unachukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa kuwa wote wanabadilisha nambari ile ile, lazima wapange foleni. Kwa dakika moja watafika watu 18,000, nayo kazi ya kuwaandika itahitaji dakika tatu. Kama ukurasa haufunguki hadi hesabu iandikwe, mtu wa mwisho atasubiri dakika mbili kabla ya kuona fomu.

Kuna kosa jingine. Wageni wawili wakifika pamoja, programu inaweza kusoma 500 kwa wote wawili, kisha ikaandika 501 mara mbili. Mgeni mmoja amepotea. Dawa yake ni kuipa hifadhidata amri moja isiyogawanyika ya "ongeza moja".

Suluhisho: kusanya kwanza, andika baadaye

Mkusanya ushuru sokoni haendi benki kila anapokata risiti. Hukusanya, kisha hupeleka jumla. Seva nayo inaweza kuhesabu kwenye kumbukumbu yake ya muda, ambayo ni ya kasi sana, na kuandika jumla kwenye hifadhidata kila baada ya sekunde 10. Katika mfano wetu, maandishi 18,000 kwa dakika yanapungua hadi sita.

Njia nyingine ni kutumia logi, yaani faili ambamo seva huandika mstari mmoja kwa kila ombi. Mistari hiyo huhesabiwa usiku, wakati watu wamelala.

Njia ya kwanza ina gharama yake. Umeme ukikatika ghafla na seva ikazima, hesabu ya hadi sekunde 10 hupotea. Kwa idadi ya wageni, hasara hiyo inavumilika. Kwa malipo au fomu zilizowasilishwa, haikubaliki kamwe. Hizo lazima ziandikwe moja moja, na mwombaji apewe nambari ya uthibitisho.

Kuhesabu watu bila kuweka orodha yao

Kuhesabu watu ni kugumu zaidi. Simu nyingi za mtandao mmoja zinaweza kuonekana kwa anwani moja ya intaneti, na saiba nzima vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, mtu mwenye simu na kompyuta anaweza kuhesabiwa mara mbili. Pia kuna roboti za mitambo ya utafutaji, ambazo hufungua kurasa bila kuwa watu.

Kuweka orodha ya kila anwani hula nafasi, na pia kunagusa faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataja kitambulisho cha mtandaoni miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu. Mbinu iitwayo HyperLogLog, iliyochapishwa mwaka 2007 na Philippe Flajolet na wenzake, hukadiria idadi ya wageni tofauti bila kuhifadhi orodha hiyo. Katika programu ya Redis, mbinu hii hutumia kilobaiti 12 pekee, hata wageni wakiwa mamilioni, kwa kosa la kawaida la asilimia 0.81.

Mkazi aulize nini?

Ofisi ya umma ikitangaza kwamba tovuti yake "imetembelewa mara milioni moja", mkazi ana maswali manne ya kuuliza: Ni maombi, kurasa au watu? Ni kwa muda gani? Je, roboti zimeondolewa? Na wangapi walikamilisha walichokuja kufanya?

Swali la mwisho ndilo zito. Aliyefungua ukurasa wa bajeti hajatoa maoni, na aliyefungua fomu ya basari hajaituma. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na jinsi hesabu ilivyopatikana ni sehemu ya habari hizo.