SOMO: KALENDA YA OFISI NA MAMBO YA MKUTANO

Ndugu wafanyakazi, Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 40, inatupa haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Lakini haki hiyo haimzuii msimamizi kusoma tulichoandika wenyewe.

Hapa Masese tuliwahi kuandika mkutano katika kalenda ya kompyuta ya ofisi: mahali, ajenda, majina. Msimamizi akawaita watatu, mmoja mmoja. Wawili hawakufika mkutanoni.

Tujifunze:

1. Katika kalenda ya wote tuandike saa na neno "shughuli" tu.

2. Tuweke alama ya faragha. Lakini mwenye ruhusa ya kubadili kalenda aweza kusoma bado.

3. Majina na ajenda yabaki katika daftari la katibu.

Majina ya wanachama ni amana. Tuyalinde.