SOMO LA 14: KUIONGOZA SWICHI YA MTANDAO KWA WAYA WA KONSOLI

Unaijua swichi ya taa. Ukiibonyeza, taa huwaka au huzimika. Swichi ya mtandao ni chombo kingine kabisa. Ni sanduku lenye matundu mengi ya kuunganishia kompyuta kwa waya. Kompyuta moja inapopeleka ujumbe, swichi huisoma anwani ya kompyuta inayopelekewa, kisha huupitisha ujumbe katika tundu la kompyuta hiyo. Kazi yake yafanana na ile ya karani wa posta anayegawa barua.

Kwa kawaida fundi huipa swichi maagizo akiwa mbali, kwa kupitia mtandao wenyewe. Lakini fikiri: fundi wa hospitali ameandika agizo lenye kosa, na njia ya mtandao imekatika. Maabara haiwezi kupeleka majibu ya wagonjwa wodini kwa kompyuta. Fundi naye hawezi kulisahihisha kosa lake, kwa kuwa njia aliyoitumia ndiyo iliyokatika. Afanye nini?

Tundu la konsoli

Swichi nyingi zinazopokea maagizo zina tundu la pekee liitwalo tundu la konsoli. Tundu hili halitegemei mtandao. Fundi huenda na kompyuta yake mpaka ilipo swichi, akaziunganisha kwa waya mmoja. Swichi mpya isiyo na anwani pia huweza kupewa maagizo yake ya kwanza kwa njia hii.

Mwendo wa alama

Katika waya wa konsoli alama za umeme hupita moja baada ya nyingine, kama watu wanaovuka daraja jembamba. Kila alama ni 0 au 1. Kwa kawaida herufi moja huhitaji alama 10: 1 ya kuanza, 8 za herufi yenyewe, na 1 ya kumaliza. Swichi nyingi hutumia mwendo wa alama 9600 kwa sekunde. Kwa hiyo herufi 960 huweza kupita kwa sekunde moja. Kompyuta na swichi lazima zitumie mwendo mmoja. Zisipofanya hivyo, kioo cha kompyuta huonyesha maandishi yasiyosomeka.

Jaribio

1. Kaeni wawili wawili. Kofi moja ni 1. Kimya ni 0.
2. Mwalimu ahesabu sekunde kwa sauti. Mmoja apeleke 1 0 1 1 0 0 1 0, alama moja kila sekunde. Mwenzake aandike alama moja kila sekunde.
3. Rudieni, lakini mwandishi aandike alama moja kila sekunde mbili.

Linganisheni majibu. Mmeona nini?

Mambo ya kukumbuka

Baada ya kusahihisha kosa, fundi huiamuru swichi iyahifadhi maagizo mapya. Katika swichi nyingi, maagizo yasiyohifadhiwa hupotea umeme ukizimika. Tena, mtu yeyote afikaye penye tundu la konsoli aweza kujaribu kuiongoza swichi. Kwa sababu hiyo swichi huwekwa katika chumba kinachofungwa kwa ufunguo, na hulindwa kwa neno la siri.

Maswali

1. Swichi ya mtandao hujuaje mahali pa kupeleka ujumbe?
2. Kwa nini fundi wa hospitali alilazimika kwenda mpaka ilipo swichi?
3. Mwendo ukiwa alama 19200 kwa sekunde, herufi ngapi hupita kwa sekunde moja?
4. Eleza njia mbili za kulinda tundu la konsoli.