Insha ya Hoja: Je, Jina la Mtoto wa Kike Litakalovuma Linaweza Kutabiriwa?

Swali: Mzazi mmoja wa kata ya Chiwata, wilayani Masasi, anataka kumpa bintiye jina ambalo baada ya miaka 15 halitakuwa limezagaa darasani. Andika insha ya maneno yasiyozidi 350 ueleze kama umaarufu wa jina unaweza kutabiriwa.

Mtahiniwa, usidanganywe na wepesi wa swali hili. Wengi hukimbilia kueleza maana za majina, kwamba Asha ni uhai na Zawadi ni tunu, wakajaza ukurasa bila kugusa kilichoulizwa. Neno linalobeba swali ni "kutabiri". Msahihishaji anataka aone unatoka kwenye ushahidi wa jana na leo, unakwenda kwenye kauli kuhusu kesho, na unajua kauli hiyo ina nguvu kiasi gani.

Ushahidi uko karibu kuliko unavyodhani. Shule yoyote ina madaftari ya mahudhurio, na parokia ina vitabu vya ubatizo. Lakini jihadhari na hesabu. Tuchukue tarakimu za kubuni kwa ajili ya zoezi: mwaka 1990 darasa lilikuwa na wasichana 20, na wanne kati yao waliitwa Fatuma. Leo lina wasichana 60, akina Fatuma ni sita. Je, jina limepanda? Idadi imepanda kutoka wanne hadi sita, lakini sehemu yake darasani imeshuka kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10. Anayeandika "Fatuma linazidi kuvuma" amepoteza hoja yake nzima kwa kuhesabu vichwa bila kugawanya.

Baada ya hesabu, uliza jina linalishwa na nini. Hapa ndipo penye alama nyingi. Mwajuma na Mwanahamisi hulishwa na kalenda: ni majina ya waliozaliwa Ijumaa na Alhamisi. Hata kama wazazi wote wangeshika desturi hiyo, Mwajuma angekuwa takriban mmoja kati ya wasichana saba. Jina la namna hiyo lina dari. Pili na Tatu nayo yana dari yake, kwani hutegemea mpangilio wa kuzaliwa. Majina ya kurithi kutoka kwa bibi huenda polepole na hayaaibiki yakikaa kimya kizazi kizima, maana mjukuu atakuja kuyachukua.

Majina ya dini hufuata njia ya taasisi. Misheni ya UMCA ilianza kazi Masasi mwaka 1876, na baadaye Chiwata nayo ikawa na kituo chake. Wabenedikto walifika Ndanda mwaka 1906. Ukikutana na bibi Skolastika katika ukanda huu, usishangae: Mtakatifu Skolastika alikuwa dada yake Mtakatifu Benedikto. Jina lilikuja na shule, zahanati na kalenda ya watakatifu, likakaa kwa sababu taasisi zenyewe zilikaa.

Kuna pia majina ya tukio. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2008, watoto kadhaa waliozaliwa Kisumu, Kenya, waliitwa Barack na Michelle. Je, kila jina linalotajwa sana redioni litajaa darasani? Hapana. Tangu Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais, jina lake limesikika kila siku nchini, lakini jina kusikika ni jambo moja na mzazi kulichagua ni jambo jingine. La pili huthibitishwa na daftari tu.

Mfano mzuri wa kutotaja sababu moja kwa pupa ni jina Linda (kwetu ni kitenzi, lakini tuendelee). Huko Marekani, Mary liliongoza kwa wasichana kila mwaka tangu kumbukumbu za mwaka 1880 hadi 1946. Mwaka 1947 Linda likalipiku, na mwaka huohuo wimbo wenye jina hilo ulivuma. Wengi huandika: wimbo ulileta jina. Ukitazama miaka ya nyuma, Linda lilikuwa likipanda tayari. Wimbo ulisukuma gari lililokwisha kuwaka. Leo halimo hata katika majina 100 ya mwanzo.

Kushuka huko kunatupa kanuni ya kutumia. Mwaka 2009 Jonah Berger na Gaël Le Mens walichapisha utafiti wa majina ya Marekani na Ufaransa, wakaonyesha kwamba majina yaliyopanda kwa kasi zaidi ndiyo yaliyoachwa kwa kasi zaidi. Wazazi hulikwepa jina wanaloona ni la kupita. Kwa hiyo kasi ya jina ni dalili bora kuliko wingi wake wa leo.

Pingamizi lisikukimbize, lipe aya yake. Kwa desturi za Wayao, Wamakua na Wamakonde, msichana aliyetoka unyagoni aliweza kupewa jina jipya. Hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na jina la nyumbani, la kanisani au msikitini, na la unyagoni, ilhali daftari linaandika moja tu. Utabiri wako ni wa jina la daftari. Sema hivyo waziwazi.

Aya ya mfano: "Namshauri mzazi huyu aliepuke jina lililopanda ghafla katika miaka miwili mitatu iliyopita, kwa kuwa bintiye ataingia kidato cha kwanza akiwa na wenzake wengi wa jina hilo, na jina lenyewe litakuwa limeanza kuchosha. Jina la bibi yake ni salama zaidi, japo siwezi kuahidi kwamba jirani hatalichagua."

Angalia sentensi ya mwisho: imekubali mpaka wake bila kuiangusha hoja.

Wapo watakaopendekeza kubadili tahajia ili jina liwe la pekee: Zainabu liwe Zaynab au Zeinab. Kabla hujaandika hivyo, kumbuka fomu uliyojaza ya mtihani. Jina likiandikwa hivi kwenye cheti cha kuzaliwa na vile kwenye cheti cha kidato cha nne, mwenye jina ndiye atakayetafuta hati ya kiapo.

Jipime
1. Kwa kutumia daftari la kidato cha kwanza na la kidato cha nne shuleni kwako, tafuta asilimia ya majina matatu ya wasichana. Lipi linapanda?
2. Kwa nini Mwanahamisi haliwezi kuvuma kama Linda? Jibu kwa aya moja.
3. Andika insha ya swali lililo juu ukitetea upande usioukubali.