Somo la Tano: Kuchagua Njia ya Kuwasha Mkaa wa Kuchomea Nyama

Wageni wamekwisha kuketi, nyama imelala katika viungo tangu asubuhi, na mkaa umegoma kuwaka. Moto umewashwa mara mbili na mara zote mbili umezimika. Ndipo mmoja anapotoa shauri: "Mwagia mafuta kidogo tu." Chupa inaletwa, na katika nafasi ya sekunde chache sherehe inaweza kugeuka msiba.

Somo hili linakusudia kumsaidia mtumiaji kuchagua njia ya kuwasha mkaa kabla hajafika katika hali hiyo. Tutaeleza kwanza tabia ya mkaa wenyewe, kisha tutalinganisha njia zinazotumika majumbani kwa kuangalia usalama, gharama, muda na ladha ya chakula.

1. Kwa nini mkaa huchelewa kuwaka

Mkaa ni mti uliokwisha kuunguzwa katika tanuri lenye hewa kidogo. Gesi zinazofanya kuni ishike moto upesi zimekwisha kutoka humo, na kilichobaki kwa sehemu kubwa ni kaboni. Kaboni huwaka kwa joto kali na kwa muda mrefu, lakini huanza polepole. Inahitaji mambo mawili: joto linalokaa mahali pamoja, na hewa inayopanda kutoka chini.

Mafuta yaliyomwagwa juu ya mkaa huungua yenyewe kwanza. Miali hupanda na kupendeza macho, kisha hushuka, na mkaa huonekana ungali mweusi. Hapo ndipo mtu hushawishika kuongeza. Lakini ndani ya rundo lile kumekwisha kuwa na joto, na pengine kaa moja au mawili mekundu yasiyoonekana. Mafuta yanayoongezwa hugeuka mvuke, na mvuke huo hulipuka ghafla kumwelekea aliyeshika chupa.

Unyevu nao huchelewesha moto, kwa kuwa joto la mwanzo hutumika kukausha maji. Unaponunua, gonganisha vipande viwili: mkaa mkavu hutoa mlio mwembamba kama wa vigae, na uliolowa huwa mzito na mlio wake hufifia. Nyumbani, weka gunia juu ya mbao au matofali, hasa wakati wa masika.

2. Njia zilizopo

(a) Vijiti, vifuu na karatasi. Panga vijiti vikavu, magunzi ya mahindi au vipande vya kifuu katikati ya jiko, weka karatasi chini yake, kisha zungushia mkaa mdogo mdogo. Acha mlango wa hewa wazi. Mkaa mkubwa uongezwe baada ya ule mdogo kukolea. Njia hii haina gharama kubwa wala haiachi harufu mbaya kwenye chakula. Kasoro yake ni kwamba inadai subira na kupepea.

(b) Kopo la kuwashia. Ni kopo kubwa la chuma lililotolewa kitako na kifuniko, likatobolewa matundu pembeni upande wa chini, na kupitishiwa nyaya nene juu kidogo ya matundu hayo ili kuzuia mkaa usianguke. Karatasi mbili za gazeti zilizokunjwa huwekwa chini, mkaa juu ya nyaya. Karatasi ikiwashwa, hewa moto hupanda na kuvuta hewa mpya kupitia matundu, hivyo kopo hujipepea lenyewe. Kwa kawaida mkaa mkavu hukolea baada ya dakika 15 hadi 20. Chagua kopo lisilo na rangi wala plastiki ndani, na usitumie bati lililopakwa zinki, kwani likipata moto mkali hutoa moshi wenye madhara. Lifungie mpini usiopitisha joto, na uvae glavu nene unapomimina makaa.

(c) Kaa la moto kutoka jiko jingine. Ni desturi ya ujirani mwema, na ni njia ya haraka. Hatari yake iko njiani: kaa libebwe katika chombo cha chuma chenye kifuniko, watoto wakiwa mbali. Mtoto asitumwe kulichukua.

(d) Viwashio vya dukani. Vipande vya nta iliyochanganywa na unga wa mbao ni rahisi kutumia na havimwagiki. Soma lebo kabla ya kulipa: inapaswa kuonesha jina la mtengenezaji, jinsi ya kutumia na tahadhari, kwa lugha unayoielewa. Jeli na vimiminika vya kuwashia visiongezwe kamwe moto ukishaanza.

(e) Mafuta ya taa. Hatupendekezi. Mtumiaji asiye na njia nyingine afuate masharti haya: mafuta yawekwe kidogo juu ya mkaa uliopoa kabisa, chupa ifungwe na kupelekwa mbali, moto uwashwe kwa kijiti kirefu, na mafuta yasiongezwe tena. Nyama isiwekwe wavuni mpaka mkaa wote uwe umefunikwa na majivu meupe, la sivyo italiwa na harufu ya taa. Nunua mafuta kituoni, si kwa muuzaji asiyejulikana. Mafuta ya taa halisi hutoa mvuke wa kushika moto yanapofikia takriban nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Petroli hufanya hivyo hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Petroli kidogo ikichanganywa humo, chupa uliyoizoea huwa kitu kingine kabisa.

(f) Petroli na spiriti. Visitumike kwa hali yoyote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na unaweza kushika moto mbali na jiko. Mwali wa spiriti hauonekani vizuri mchana.

(g) Plastiki na vipande vya tairi. Moshi wake una sumu, na masizi yake hutua kwenye chakula. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, lakini vifungashio vingine bado vimo majumbani, navyo si viwashio.

3. Hatari isiyoonekana

Wengi huamini kwamba mkaa ukishakolea na moshi kwisha, jiko laweza kuingizwa ndani. Imani hiyo imeua. Mkaa mwekundu huendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Choma nje, na msimu wa baridi, usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo.

4. Ajali ikitokea

Nguo ikishika moto, aliyeungua asikimbie. Alale chini na kujiviringisha. Funga ncha za khanga kabla ya kuwasha jiko ili hali hiyo isitokee. Poza jeraha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala unga. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja. Ndiyo sababu mafuta hayo hayafai kuhifadhiwa katika chupa ya soda au ya maji. Kuita Zimamoto na Uokoaji, piga 114.

5. Maswali ya kujipima

Je, mkaa wangu ni mkavu? Je, hewa inapita chini ya jiko? Je, nimeanza mapema, angalau nusu saa kabla ya chakula kuhitajika? Je, moto ukizimika, nitaongeza vijiti au nitaitafuta chupa?

Anayeweza kujibu swali la mwisho kabla wageni hawajafika amekwisha kuchagua vema. Moto uliozimika hudai hewa na vijiti vikavu, na mgeni anayesubiri robo saa zaidi hula nyama ile ile.