Hesabu ya Chakula cha Mwezi

Wasomaji wetu wengi wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi waijua vema wiki ya nne. Sukari imekwisha, mafuta yanapimwa kwa kijiko, na mtoto atumwapo dukani huambiwa amwombe mwenye duka aandike daftarini. Watu husema kwamba mshahara ni mdogo, na mara nyingi ni kweli. Lakini ukiwauliza nyumba yao hula kilo ngapi za unga kwa mwezi, ni wachache wawezao kujibu. Na asiyejua kiasi kinacholiwa hawezi kujua kama fedha yake yapungua au yapotea.

Kosa la kwanza ni kuanza na fedha. Mtu hutenga shilingi kadhaa za chakula, kisha hutumaini kwamba zitatosha. Yafaa kuanza na sufuria, maana bei hubadilika mara kwa mara, lakini watu wa nyumba ni wale wale.

Tuchukue mfano wa nyumba moja mjini Nakuru yenye baba, mama na watoto 4. Kila jioni hupika ugali wa unga wa kilo moja na robo. Kwa siku 30 ni kilo 37 na nusu. Jumamosi na Jumapili mchana, watoto wakiwapo nyumbani, hupika tena kilo moja. Siku 8 ni kilo 8. Jumla ni kilo 45 na nusu, yaani pakiti 23 za kilo 2. Je, hesabu hii ni sawa? Iko njia ya kuijaribu. Hukadiriwa kwamba katika Kenya mtu mmoja hula karibu gunia moja la mahindi la kilo 90 kwa mwaka. Watu 6 ni magunia 6, na ukiyagawanya kwa miezi 12 wapata nusu gunia, yaani kilo 45. Hesabu mbili zimekutana. Kama ya kwako yazidi hapo kwa mbali, chunguza: labda wageni ni wengi, labda kiporo hutupwa, labda unga hutoka kwa mlango wa nyuma.

Ukiisha kujua idadi ya pakiti, bei ikipanda huna haja ya kutishika bila kujua kwa kiasi gani. Kila shilingi 10 zikiongezwa kwa pakiti, nyumba hii hulipa shilingi 230 zaidi kwa mwezi. Katika mwaka wa 2022 pakiti ya kilo 2 ilipita shilingi 200, na mwezi wa Julai Serikali ikatangaza kuishusha hadi shilingi 100. Tofauti ya shilingi 100 kwa pakiti ni shilingi 2,300 kwa nyumba yetu ya Nakuru. Fedha hiyo yatosha kumrudisha mtoto nyumbani kwa karo.

Sukari, chumvi, majani ya chai, sabuni na mafuta ni rahisi zaidi. Siku unapofungua pakiti mpya, andika tarehe juu yake. Ikiisha, hesabu siku. Kilo ya sukari ikikaa siku 6, mwezi wahitaji kilo 5. Lita ya mafuta ikikaa siku 10, mwezi wahitaji lita 3.

Mboga, nyanya na maziwa hununuliwa kila siku, na hapa ndipo wengi hukosea. Hugawanya fedha mafungu manne, kwa wiki nne. Lakini wiki nne ni siku 28 tu. Siku 2 au 3 zilizobaki hazina fungu, nazo ndizo huzaa deni. Gawanya kwa 30 au 31.

Tena kuna ununuzi wa kidogo kidogo. Tuseme, kwa hesabu tu, kilo ya sukari ni shilingi 150 na robo kilo ni shilingi 42. Robo nne ni shilingi 168. Kwa kilo 5 umelipa shilingi 90 za bure. Najua mwenye shilingi 50 mfukoni hana la kuchagua, na si haki kumhubiria. Lakini hata yeye aweza, siku ya mshahara, kununua kitu kimoja tu kwa jumla, kisha mwezi ujao cha pili. Anunuaye kwa gorogoro sokoni na atazame chini ya kopo, maana wako wauzaji wanaobonyeza kitako chake kiingie ndani. Wala mahindi mabichi yenye unyevu yasikushawishi kwa bei yake. Katika mwaka wa 2004, sumukuvu itokayo katika mahindi yaliyoota ukungu iliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui.

Sasa neno kwa mabwana. Miaka yangu ya kwanza ya ndoa sikumwambia mke wangu kiasi cha mshahara wangu. Nilimpa fedha kidogo kidogo, kisha nikamlaumu zilipokwisha. Siku moja aliniletea daftari la dukani, akaniomba nisome deni mwenyewe. Jumla yake ilikuwa zaidi ya nusu ya mshahara, na kila kitu kilichoandikwa nilikuwa nimekila. Tangu siku hiyo twakaa mezani pamoja, mshahara wote ukiwa mbele yetu.

Kazi hiyo hufanywa kabla ya kwenda dukani, baada ya kutazama ghalani. Pakiti 3 za unga zikiwa zimesalia, andika 20, si 23; na kama zimesalia kila mwezi, punguza kipimo chenyewe.